Mwalimu wa Kombolela Hakuwa Mtu Mzima

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wazazi, walimu na viongozi wa serikali za mitaa, iliyotolewa Dar es Salaam katika juma la Siku ya Mtoto wa Afrika

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, waheshimiwa wenyeviti wa serikali za mitaa, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya michezo ya watoto, ya zamani na ya sasa, na tangu nilipoombwa nilijua kinachotarajiwa. Kinachotarajiwa ni bibi mstaafu asimame, ataje michezo yote aliyoicheza, ailaani simu, kisha awaulize wazazi wa leo wamewafanya nini wajukuu zake. Hotuba hiyo mmeshaisikia, nami nimeisikiliza kwenye mahafali mengi kiasi kwamba ningeweza kuitoa nikiwa usingizini. Leo ninayo hoja moja, na nitajitahidi nisitoke nje yake. Michezo ya mitaani haikufundishwa na wazazi wala na walimu. Ilifundishwa na watoto waliotangulia kwa watoto waliofuata, na kilichokatika katika jiji letu ni kule kupokezana, si hamu ya mtoto kucheza.

Mimi nimekulia Magomeni katika miaka ya 1970. Wengi wenu mnaijua ile nyumba yetu ya Uswahilini: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani nyuma kwenye jiko, kisima au bomba na choo, na mbele baraza inayotazama njia. Katika nyumba moja walipanga watu wa makabila manne au matano, na kila chumba kilikuwa na watoto wake, kwa hiyo nyumba moja ilitosha kutoa timu, na nyumba tatu zilitosha kutoa ligi. Watu wazima walikuwa barazani. Akina mama walisukana nywele na kuchambua mchele, wanaume walicheza bao au karata, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitusimamia. Walikuwapo tu. Mtoto akilia kilio cha kuumia, vichwa viligeuka. Akilia kilio cha kudhulumiwa mchezoni, hakuna aliyegeuka, kwa maana walijua kwa sauti tu kilio kipi kinahitaji mtu mzima na kipi hakihitaji.

Sasa tazameni jinsi kombolela ilivyochezwa, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Kopo tupu la maziwa ya unga liliwekwa katikati ya uwanja. Mmoja alilipiga teke likaenda mbali, na wakati msakaji anakwenda kulichukua na kurudi nalo kinyumenyume, sisi wengine tulitawanyika kwenye vichochoro, nyuma ya mapipa ya maji, chini ya vitanda vya kamba vilivyoegeshwa ukutani. Kila aliyeonekana alitajwa kwa jina na kopo likagongwa chini, naye akaja kukaa mahabusu. Lakini akibaki mmoja tu mafichoni, akatoka mbio na kulipiga teke kopo kabla msakaji hajaliwahi, wote waliokamatwa walikuwa huru, na msakaji akaanza upya huku akinung'unika. Mchezo huo unahitaji watoto wanane au kumi, unahitaji mahali pa kujificha, unahitaji muda usio na kengele, na unahitaji pia mtu wa kuamua kama jina lilitajwa kabla ya teke au baada yake. Mtu huyo hakuwa mzazi. Alikuwa mtoto wa darasa la sita au la saba, ambaye kauli yake ilikubaliwa kwa sababu miaka minne nyuma yeye mwenyewe alikuwa mdogo akikubali kauli za wengine.

Na wadogo walikuwa na nafasi yao. Mtoto wa miaka minne aliruhusiwa kuingia mchezoni bila kuhesabiwa: akikamatwa si kitu, akishinda si kitu, lakini anakimbia na wanaokimbia. Dada yangu aliwahi kunishika mkono tukajificha nyuma ya pipa la mama mwenye nyumba, akanikanya nisicheke. Nilicheka, tukakamatwa sote wawili, na hakunigombeza, maana ilikuwa sheria ya mchezo kwamba asiyehesabiwa halaumiwi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona mbinu ya kumfundisha mtoto iliyo bora kuliko hiyo: awepo, aone, akosee bila kulipa, mpaka siku moja wenzake wamwambie kwamba kuanzia leo na wewe unahesabiwa.

Rede ilipita njia hiyo hiyo. Wawili walisimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi, na wa katikati alikwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa mpaka ifike shingoni. Kila mtaa ulikuwa na kanuni zake, na binti aliyehamia kutoka Ilala kuja Magomeni alilazimika kujifunza upya ni kitu gani kinachoruhusiwa. Mdako nao sitaki kuupita haraka, kwa kuwa mimi nilifundisha hesabu madarasa ya chini, nami ninaudai mdako shukrani. Huchimbwa shimo dogo, likajazwa kokoto. Mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka huzikokota kokoto kutoka shimoni kwa kiganja, kisha hulidaka jiwe lake. Akilirusha tena, anazirudisha kokoto zote shimoni isipokuwa moja. Mzunguko unaofuata anabakisha mbili, kisha tatu, na kuendelea, akikosea anampisha mwenzake. Mtoto aliyecheza mdako huingia darasa la kwanza akiwa na uwezo wa kuona kokoto nne na kujua ni nne bila kuzigusa moja moja, na tena ameshajua nne ukitoa katika saba kinabaki nini, kwa sababu kutojua kulimgharimu zamu yake mbele ya wenzake. Mimi niliwapokea watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, halafu pole pole nikaanza kupokea wasiojua mdako ni nini, na tofauti niliiona kwenye vidole vyao.

Kabla hatujaanza kutikisa vichwa kwa huzuni, naomba tuseme ukweli wote. Zamani yetu haikuwa pepo. Jua likianza kuzama, wasichana waliitwa ndani kukuna nazi na kuteka maji, na kaka zao wakabaki kucheza mpaka giza likaingia. Wengi wetu tulicheza rede tukiwa na mdogo wetu mgongoni kwenye mbeleko, na tuliogopa mpira kwa ajili yake kuliko kwa ajili yetu. Mtoto mwenye ulemavu mara nyingi alikaa barazani na wazee. Majina tuliyopeana yalikuwa makali, na wapo watu wazima leo ambao bado wanayabeba. Wavulana walikwenda kuogelea Msimbazi wakati wa masika, na si wote waliorudi. Mzazi anayeniambia leo kwamba anaogopa kumwachia mwanawe nje simwoni mdhaifu hata kidogo. Mama zetu nao waliogopa, ila wao waliogopa wakiwa na macho ya mtaa mzima yakiwasaidia kutazama.

Wadogo zangu walikua katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati maduka yalipokuwa na rafu tupu na sabuni ilipangiwa foleni. Wanasesere wa dukani hawakuwapo, hivyo kila kitu kilitengenezwa. Magari yalikuwa ya waya, magurudumu yake yamekatwa kwenye kandambili zilizochakaa, na usukani ulikuwa mrefu kiasi cha kumwezesha dereva kutembea wima nyuma ya gari lake. Wasichana walitengeneza wanasesere kwa vitambaa vya fundi cherehani. Watu husema kizazi kile kilikuwa kibunifu, nami nakubali, lakini nisingependa tuitamani dhiki kwa sababu iliwafundisha watoto kukunja waya. Kilichokuwa na thamani kubwa zaidi ni kwamba mvulana wa miaka kumi na miwili alikuwa na koleo na subira, na pembeni yake kulikuwa na wa miaka saba aliyemshikia waya.

Mpira wa miguu ndio uliodumu kuliko vyote, na bado upo. Chandimu huchezwa popote palipo na hatua ishirini za ardhi tupu. Mpira wenyewe kwa miaka mingi ulitengenezwa kwa mifuko ya nailoni, ile tuliyoiita rambo: unajaza mfuko mmoja kwa mingine, unaukaza, unafunga kamba ya katani kwa kuizungusha mpaka mpira ugande, na ukiujua ufundi wake unadunda vizuri tu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, uamuzi ambao mimi niliuunga mkono kwa kuwa ninaijua mitaro ya Magomeni wakati wa masika, mvulana mmoja wa jirani aliniuliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa bibi, mpira tutatengenezea nini?" Haikupita muda nikawaona na mpira wa matambara uliojazwa vipande vya sponji la godoro. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Aliyewafundisha alikuwa kaka yao aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne, asiye na pa kwenda.

Sasa tulipotezaje? Mara nyingi televisheni hushtakiwa kwanza. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini huku Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kwa muda mrefu mtaa mzima ulikuwa na seti moja au mbili. Watoto walijazana madirishani mwa mwenye televisheni, wakasukumana, wakafukuzwa, wakarudi, na kesho yake wakaigiza mapigano waliyoyaona, kila mmoja akigombea kuwa steringi, yule shujaa wa filamu. Televisheni ya namna hiyo haikuua mchezo, iliulisha. Na umeme ulipokatika, ndipo mlipoona jambo lenyewe. Katika mgao mkali wa mwaka 2006, na tena ule wa 2011, mitaa ilijaa watoto jioni. Giza lilipoingia, nyimbo na kombolela zilirudi zenyewe bila mtu kuitisha semina. Ningekuwa naamini kwamba skrini ndiyo adui pekee, ningeiomba TANESCO itusaidie kulea.

Tatizo kubwa zaidi ni ardhi. Mwaka 1988 mkoa huu ulikuwa na watu wapatao milioni 1.36. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao wote wanaishi mahali fulani, na mara nyingi wanaishi pale palipokuwa na uwanja wa chandimu. Hata katika maeneo yaliyopimwa, kama Sinza na Kijitonyama, ambako miradi ya viwanja ya miaka ya 1970 iliacha maeneo ya wazi kwenye ramani, nendeni mkaangalie ni mangapi kati ya hayo yamebaki wazi na mangapi yana ukuta, baa au gereji. Bonde la Jangwani lililokuwa na viwanja vingi vya vijana ni bonde la mafuriko, na baada ya maafa ya Desemba 2011 wakazi wake wengi walihamishiwa Mabwepande. Watu waliokolewa, na hilo ni jema, lakini watoto waliohama walianza upya mahali ambapo hapakuwa na aliyewatangulia.

Uwanja wa shule nao ulipungua, na hapa nawasema walimu wenzangu kwa upole, kwa sababu sababu yenyewe ni ya heri. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002, watoto walikuja kwa wingi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wakaja kwa wingi tena. Madarasa yalihitajika, na nafasi iliyokuwapo ya kuyajenga ilikuwa uwanjani. Mimi mwenyewe nilikaa katika kikao kilichoamua hivyo, na nikiambiwa nichague leo kati ya mtoto kukaa darasani na mtoto kuwa na uwanja, nitachagua darasa. Ila tusijifanye kwamba hatukulipa bei.

Barabara za mtaa, zilizokuwa uwanja wetu wa akiba, zimechukuliwa na bodaboda na bajaji. Kisha likaja basi la shule. Naomba mnivumilie hapa, maana basi la shule ndilo ninalolilaumu kuliko simu. Mtoto wa shule binafsi anaamshwa saa kumi alfajiri, saa kumi na moja anachukuliwa getini, anazungushwa jiji zima, na saa kumi na mbili jioni anashushwa getini hapo hapo akiwa amelala. Anasoma Mbezi ilhali anaishi Tabata. Rafiki zake wako Kimara, Goba na Kigamboni. Mtoto wa jirani hamjui hata jina, kwa kuwa huyo wa jirani anasoma kayumba, yaani shule ya kawaida ya serikali, na anarudi kwa miguu saa nane. Jumamosi anakwenda tuisheni. Mtoto huyo hatawahi kuwa mdogo asiyehesabiwa katika mchezo wa mtu yeyote, na akifika darasa la saba hatakuwa na wadogo wa kuwafundisha, wala hatakuwa na cha kuwafundisha.

Ndipo simu inapoingia, ikiwa ya mwisho katika foleni. Inajaza nafasi ambayo tulishaiacha tupu. Mtoto amechoka, geti limefungwa, dada wa kazi ana kazi zake, mama bado yuko kwenye foleni ya Ubungo, na bando lipo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na apate angalau dakika 180 za kuuchangamsha mwili. Nawaunga mkono wataalamu hao kabisa. Ila kumnyang'anya mtoto simu bila kumpa wenzake ni kumfungia ndani mara ya pili.

Wala tusidhani jiji lote liko sawa. Nimetembea Mbagala, Manzese na Tandale, na huko watoto bado ni wengi njiani, wanacheza singeli mpaka vumbi linatimka, wanaendesha ringi za baiskeli, na gololi bado zinapigwa kwenye kila kipande cha ardhi kilichosawazishwa kwa kiganja. Wao wana wenzao, ila hawana uwanja: wanacheza juu ya mfereji, kati ya pikipiki, mbele ya kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video. Huko Mbezi na Salasala nimeona bustani zenye nyasi za kukatwa, bembea mpya na mtoto mmoja. Yeye ana uwanja, ila hana wenzake. Simwonei huruma mmoja zaidi ya mwingine, lakini naona kwamba suluhisho la mmoja haliwezi kuwa suluhisho la mwenziwe.

Shule kadhaa zimejaribu kurudisha michezo ya asili kwa kuandaa siku maalumu. Nimealikwa, nimekula pilau, nimeshukuru. Watoto wamevalishwa khanga, wamepangwa mstari kwa kimo, mwalimu ana filimbi, na ukuti ukuti unaimbwa mara mbili ili mpiga picha apate upande mzuri. Mnisamehe, lakini hilo ni somo lililovaa nguo za mchezo. Hakuna aliyegombana juu ya kanuni, hakuna aliyesusa akaenda kwao na mpira wake, hakuna mdogo aliyepenya kati ya wakubwa. Darasa zima lina umri mmoja, na watoto wa umri mmoja hawana cha kurithishana.

Ushahidi wa hoja yangu niliupata bila kuutafuta, mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa ajili ya korona, zikaja kufunguliwa tarehe 29 Juni. Sisemi kwamba kilikuwa kipindi cha furaha, na wapo humu waliozika watu wao. Lakini mtaani kwetu, baada ya wiki za mwanzo za kufungiana ndani, mageti yalianza kuachwa nusu wazi. Hakukuwa na basi, hakukuwa na tuisheni. Watoto wa shule za Kiingereza na watoto wa kayumba wakajikuta kwenye njia moja kwa mara ya kwanza, wakubwa na wadogo, wakiwa na saa nyingi na bila ratiba. Binti mmoja wa darasa la sita, aliyekuja kukaa kwa bibi yake kutoka Mkuranga, alikuwa na rede kamili kichwani mwake. Siku za mwanzo alifundisha wawili. Kufikia Mei wasichana walikuwa wanapanga zamu, wavulana waliowacheka mwanzoni walikuwa wanaomba kuingia, na kanuni ya chupa ilishabadilishwa kwa sababu mchanga wa kwetu ulikuwa umemwagiwa kokoto: walijaza kwa vifuniko vya soda. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyekimbia kati yao bila kuhesabiwa. Hakuna mzazi aliyeanzisha jambo lile, na simu zilikuwa zile zile. Shule zilipofunguliwa, yule binti alirudi kwao, mabasi yakarudi, na rede ikaisha ndani ya wiki moja.

Sheria iko upande wetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao ibara yake ya 31 inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inapotaja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu kama wajibu wa mzazi, inataja pia kucheza na kupumzika katika orodha hiyo hiyo. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2024 uliitenga tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kucheza, siku chache tu kabla ya hii ya tarehe 16 tunayowakumbuka watoto wa Soweto. Maandiko hayakosekani. Kinachokosekana ni ufunguo wa geti la shule siku ya Jumamosi.

Na hilo ndilo ombi langu, tena ni dogo. Shule yetu hii ya msingi bado ina kipande cha uwanja kati ya ofisi na madarasa mapya. Kifunguliwe kila Jumamosi kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa watoto wote wa mtaa, wa shule yoyote na wa umri wowote, bila sare, bila ada, bila mwalimu wa zamu na bila filimbi. Mwalimu mkuu ameniuliza swali la haki kabisa, kwamba mtoto akivunjika mkono nani ataulizwa. Nimezungumza na wenyeviti wawili walioko hapa mbele, na tumekubaliana kwamba serikali ya mtaa itaandika barua ya kuupokea uwanja kwa saa hizo tatu, kisanduku cha huduma ya kwanza kitakaa kwa mama wa duka la pembeni, na mzazi anayemleta mtoto wa chini ya miaka sita atabaki naye au atamtaja kaka au dada aliyekuja naye. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha hapo nje wamekubali kupitia njia ya nyuma kwa saa hizo. Walikubali haraka kuliko nilivyotarajia, na mmoja wao aliuliza kama yeye naye anaruhusiwa kuleta gololi zake.

Kwa wazazi wenye watoto wa tuisheni, siwaombi muache masomo. Naomba Jumamosi moja kati ya mbili, na naomba zaidi kwa wale wakubwa, wa darasa la sita na la saba, ambao ninyi mnawaona kuwa wameshapita umri wa kucheza. Hao ndio tunaowahitaji kuliko wote. Mtoto wa darasa la pili hawezi kumfundisha mwenzake wa darasa la pili kombolela, na mimi kwa magoti haya siwezi kuwafundisha wote wawili. Nitakuja mara moja mwanzoni, nichimbe shimo la mdako, nicheze na mabinti watatu au wanne wa darasa la sita mpaka waweze kunishinda, kisha nitarudi kukaa.

Tunahitaji watu wazima wawili kila Jumamosi, kwa zamu. Wakae kivulini chini ya ule mwarobaini, wasuke nywele, wacheze bao, wapige soga, wasiamue ugomvi wowote ambao hauna damu. Katibu wa kamati ya shule yuko mlangoni na daftari la majina, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao bado haina mtu. Mwenye kiti chake cha kukunja aje nacho, maana vya shule vitakuwa vimefungiwa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.